Hilux ya 1995 imehukumiwa ovahoo: pima silinda ya nne kabla hujafungua injini

Msomaji wa Njombe ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Nina Hilux double cabin LN106 ya 1995, injini ya 3L, dizeli. Ilikuwa gari ya mradi kabla sijainunua. Nabeba viazi na mbao, na nyuma tumeongeza springi. Shida ni tatu. Asubuhi haiwaki mpaka nipige stata mara nne au tano, ikiwaka inatoa moshi mweupe na kutetemeka dakika mbili hivi ndipo itulie. Pili, nikirudi kutoka Dar na mzigo inachemsha mlima Kitonga. Tatu, nikipita shimo kwenye mwendo wa 60 usukani unatetemeka kama unataka kuchomoka, hasa gari ikiwa tupu. Fundi amepima kompresheni akapata 360, 355, 365 na 290 PSI. Kasema injini imekwisha, nifanye ovahoo, yaani injini ifumuliwe yote na kutengenezwa upya, au ninunue injini ya mtumba. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Asante kwa kuandika namba. Watu wengi huniambia tu "kompresheni iko chini", na kwa maneno hayo siwezi kukusaidia kitu. Zako zimenionyesha kwamba fundi wako kapima vizuri, ila kasoma vibaya.

Kompresheni ni presha ya hewa inayobanwa na pistoni ndani ya silinda, na PSI ni kipimo chake. Kitabu cha injini ya 3L kinasema kila silinda ya injini yenye afya iwe na PSI 455 hivi, na kiwango cha chini kabisa ni 284. Fundi akiona 360 mahali palipoandikwa 455, anaona injini imechoka. Lakini kitabu kile kimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Wewe uko Njombe, karibu mita 2,000 juu. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hesabu ya haraka imepungua moja ya tano, na pistoni hubana hewa iliyopo. Toa moja ya tano kwenye 455, unabaki na 364. Silinda zako tatu zinasoma 360, 355 na 365. Ndugu yangu, hizo ni namba za injini yenye afya iliyopandishwa mlimani. Ungeipeleka gari hiyohiyo Tanga ikapimwe, huenda ovahoo isingetajwa kabisa.

Inayonitia wasiwasi ni silinda ya nne, ile yenye 290. Kitabu kinataka tofauti kati ya silinda na silinda isizidi PSI 71, na yako imefika 75. Injini iliyochakaa kwa umri huchakaa yote. Haichagui silinda moja. Moja ikibaki nyuma wenzake wakiwa sawa, pale pana kitu kimoja kimeharibika, na kitu hicho kinatafutika. Kwanza muulize fundi kama alipima injini ikiwa ya moto, betri imejaa, na hita plagi zote nne (vile vipasha joto vya silinda) zimetolewa. Kama silinda ya nne ilipimwa mwisho na betri ilishaanza kuzimia, 290 hiyo inaweza kuwa ya betri. Warudie kupima, safari hii waanze na ya nne.

Ikirudi ileile, usifungue hedi (kile kichwa cha injini chenye valvu) bado. Fanya kipimo cha upepo. Chukua hita plagi iliyoungua, itobolewe katikati, ichomelewe kipande cha bomba chenye uzi wa mpira wa kompresa. Hicho ndicho kifaa chako, na fundi chuma yeyote mjini anakitengeneza. Zungusha injini kwa spana mpaka pistoni ya nne iwe juu na valvu zote mbili zimefunga. Weka gia ya nne, vuta hendibreki, na mtu yeyote asiweke mkono karibu na feni, maana upepo unaweza kusukuma pistoni. Kisha peleka upepo wa kama PSI 60 na usikilize. Hapo hata redio ya jirani izimwe.

Ukisikia upepo unatokea kwenye eksozi, valvu ya moshi haifungi. Ukisikia kwenye bomba la kuingizia hewa, ni valvu ya hewa. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta unapuliza kwa nguvu, ni ringi au pistoni, na hapo nitakubali maneno ya fundi wako. Kupuliza kidogo tu kwenye oili ni kawaida, hakuna ringi inayoziba asilimia mia. Mapovu yakitoka kwenye rejeta, ni gasketi au ufa wa hedi. Kwa sababu gari hii pia inachemsha, hiyo rejeta itazame kwa makini wakati upepo unaingia. Kifuniko kikiwa wazi na maji yamejaa mpaka mdomoni, hata povu moja utaliona.

Mimi ningebashiri valvu ya moshi. Injini ya 3L hairekebishwi valvu kwa skrubu kama gari nyingine. Ina visahani vya chuma juu ya vikombe, na kubadilisha kisahani kunahitaji kifaa chake na subira. Matokeo yake mafundi wengi hawazigusi kabisa, gari inatembea miaka kumi hakuna aliyefungua kava. Kadiri valvu inavyogongagonga kiti chake inazama, na nafasi iliyo juu ya kisahani inapungua mpaka inaisha. Ikiisha, valvu inabaki imeachama kwa unywele. Injini ikiwa baridi, nafasi iwe milimita 0.20 hadi 0.30 upande wa hewa na 0.40 hadi 0.50 upande wa moshi. Kazi hii ni ya kava, fila geji (vibapa vya kupimia nafasi) na visahani vichache. Ikifanywa, pima kompresheni tena. Nimeshaona silinda ya namna hii ikipanda baada ya kuirudishia valvu nafasi yake tu, hedi haijaguswa. Kama valvu yenyewe imeshaungua ukingo haitapanda, na hapo hedi itatoka, lakini itatoka hedi peke yake, siyo injini nzima.

Sasa kuwaka asubuhi. Injini ya dizeli haina cheche. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini yako inaibana mara 22 hivi. Asubuhi za Juni huko kwenu chuma chote ni barafu, kinanyonya joto kabla mafuta hayajashika. Ndiyo maana kuna hita plagi, na ndiyo maana plagi moja ikifa wewe unaisikia Njombe wakati mwenye gari kama yako Dar hana habari.

Usiidanganye nafsi yako na taa ile ya manjano kwenye dashibodi. Taa ikizima haina maana kwamba plagi zimepata moto. Inahesabu muda tu. Fungua ule ubapa wa shaba unaounganisha plagi nne, zibaki kila moja peke yake. Chukua taa ya testa, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha plagi. Taa ikiwaka plagi ni nzima, isipowaka imekatika. Kama una mita, plagi nzima inasoma kama omu 1 au chini yake. Halafu rudishia ule ubapa, mtu awashe swichi, wewe uguse testa kwenye ubapa wenyewe. Usipopata umeme, shida iko kwenye rilei au fyuzi yake nene, na ungenunua plagi mpya bure. Ukinunua, soma volti iliyoandikwa kwenye ile ya zamani na uchukue hiyohiyo. Plagi za injini za aina hii zimetoka kwa volti tofauti na kwa macho zinafanana kama mapacha. Ukifunga isiyo yake, ama inaungua mapema ama haipati moto wa kutosha.

Kuna kipimo kingine cha bure nakuomba ukifanye kesho asubuhi kabla ya yote. Kabla hujagusa swichi, fungua boneti, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Ikiwa ngumu tangu mwanzo, mafuta yapo mahali pake. Ikiwa laini, ikakubali mara kumi au kumi na tano ndipo ikaze, hewa inaingia mahali na usiku dizeli inarudi tangini. Ikishakaza, washa gari. Ikiwaka mara moja, umepata jibu. Tafuta mipira iliyokakamaa, klipu zilizolegea, na hiyo pampu ya mkono yenyewe, kwa sababu ngozi yake ya ndani hupasuka. Mteja wangu mmoja alishafunga injini ya mtumba kwa sababu ya gari kutowaka asubuhi. Injini mpya nayo haikuwaka asubuhi. Ilikuwa ngozi ya pampu ya mkono.

Moshi mweupe unao aina mbili. Ule unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yasiyoungua, na ukipotea injini ikipata joto, unaendana na plagi au silinda dhaifu. Ule usiochoma macho, unaoendelea hata gari ikiwa ya moto huku maji yanapungua, ni maji yanayoungua ndani. Wako, kwa maelezo yako, ni wa kwanza. Kule kutetemeka dakika mbili ni silinda ya nne inachelewa kuamka. Unaweza kuihakikisha: gari inaunguruma, shika kitambaa kinene, legeza nati ya bomba la nozeli moja robo mzunguko, sikiliza, kaza, nenda inayofuata. Kila ukilegeza, mlio lazima ubadilike. Ukilegeza ya nne na mlio usibadilike, huyo hafanyi kazi. Usiweke kidole mbele ya dizeli inayoruka. Presha ile inapenya ngozi, na jeraha lake ni dogo kwa nje na la upasuaji kwa ndani.

Na tafadhali, yule kijana anayekuja na kitambaa cha petroli kukishika kwenye mdomo wa hewa, mfukuze kwa adabu. Inawaka kweli. Siku moja itawaka hita plagi zikiwa na moto, na pistoni ndiyo itakayolipa.

Betri nayo usiisahau. Stata ikizunguka polepole, hewa inayobanwa inapoteza joto njiani. Weka mita kwenye betri wakati stata inazunguka; ikishuka chini ya volti 9.6, betri haifai kwa dizeli. Kisha weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, piga stata tena. Ukipata zaidi ya nusu volti, waya wa athi umeoza au umefungwa juu ya kutu. Safisha kwa msasa. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na nimeona ikimaliza kesi nzima.

Kitonga. Unasema inachemsha wakati wa kupanda, na mzigo, kutoka bonde la Ruaha ambako joto ni kali. Hapo mwendo ni mdogo, upepo wa barabarani haupo, kazi yote iko kwa feni. Feni yako inashikwa na kile kigudulia chenye mafuta ya silikoni, ambacho kikipata joto kinatakiwa kuikamata. Simamisha gari ikiwa ya moto sana, zima injini, subiri mkanda utulie, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka raundi mbili tatu kama pangaboi, kigudulia kimekufa. Inapaswa kugoma. Mafuta meusi yenye vumbi yaliyotapakaa katikati ya kigudulia ni dalili hiyohiyo.

Halafu toa rejeta, itazame na tochi kwa nyuma. Gari ya mradi iliyopita kwenye matope miaka 30 ina udongo katikati ya mapezi, na kuosha kwa mbele kunausukuma ndani zaidi. Uoshwe kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa presha ya kiasi, mapezi yasilale.

Kingine, uliza kama themostati ipo, ile valvu ya joto inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta. Dau langu ni kwamba haipo. Mafundi wetu wanaitoa wakisema ni ya nchi za baridi. Themostati ya injini hizi ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inazungukia ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo unaitoa ili isichemshe, mlimani inachemsha. Na asubuhi Njombe, injini isiyo na themostati haipati joto, moshi mweupe unarefuka. Nunua ya nyuzi 82, irudishe.

Kifuniko cha rejeta ni kitu cha bei ndogo ambacho kwenu kina kazi kubwa kuliko pwani. Kwenye mita 2,000 maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, siyo 100. Presha ya kifuniko ndiyo inayoyazuia. Mpira wake ukiwa umekauka, badilisha, chukua kilichoandikwa namba ileile. Na usikifungue gari ikiwa ya moto. Mkono wangu wa kushoto una alama ya mwaka niliokuwa na haraka.

Kama upepo ule wa silinda ya nne ulitoa mapovu, basi feni na kifuniko havitakuokoa. Kipimo cha nyongeza: asubuhi injini baridi, washa, baada ya dakika moja bana mpira wa juu wa rejeta. Maji hayajapata joto, kwa hiyo mpira uwe laini. Ukiwa mgumu kama fimbo, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hedi ikitolewa, isirudishwe bila kupimwa unyoofu na kukaguliwa nyufa katikati ya valvu, kwa sababu ndipo hedi za familia hii ya injini zinapopenda kupasuka.

Mafundi wakiwa huko mbele ya injini, waulize mkanda wa taimingi uliwekwa lini. Kama hakuna anayejua, uwekwe mpya leo. Ni wa kilomita 100,000, na kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayokumbusha, ila kwenye gari za mtumba mara nyingi kuna mtu alishatoa balbu. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na ovahoo unayoikwepa itakuja yenyewe.

Usukani sasa. LN106 ina ekseli nzima mbele, siyo mikono huru. Hali unayoieleza, shimo moja likafuatwa na mtetemeko usiokoma mpaka upunguze mwendo, kwa ekseli hiyo karibu kila mara ni beringi za kingipini, zile mbili ndogo juu na chini ndani ya kibuyu cha chuma ambapo gurudumu linageukia. Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki huku wewe unaendelea kutikisa. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki vilevile, ni kingipini. Kipimo hiki kinawatenganisha watu wawili ambao mafundi huwachanganya kila siku.

Angalia pia kibuyu kwa nje. Kikiwa kimelowa uji mweusi unaonuka oili ya difu, sili ya ndani imekufa, oili inaosha grisi na beringi zinakauka. Atakayefungua aweke alama visahani vya juu na vya chini, virudi mahali pake, kwa maana ndivyo vinavyoweka nako (kile kipande kinachogeuka pamoja na gurudumu) katikati. Wengi watakushauri ubadilishe shokapu ya usukani. Mtetemeko utapungua kweli miezi miwili mitatu, beringi zikiendelea kusagika chini yake. Tairodi endi, vile viungo vya fimbo za usukani, zikague siku hiyohiyo, mtu akichezesha usukani kushoto na kulia nawe uko chini unatazama.

Na kwa nini gari ikiwa tupu ndiyo mbaya? Zile springi mlizoongeza. Nyuma imeinuka, ekseli ya mbele imeinamia mbele kidogo, na magurudumu yamepoteza ile tabia ya kurudi katikati yenyewe. Ukibeba viazi nyuma inashuka, mbele inakaa sawa, mtetemeko unapungua. Springi peke yake haileti mtetemeko, lakini beringi zilizolegea zinapata mwenzake.

Hukuniuliza kuhusu breki, nami siwezi kunyamaza, kwa sababu unaposhuka Kitonga na viazi mtu mwingine yuko mbele yako. Chini ya gari, juu ya ekseli ya nyuma, kuna fimbo inayounganisha ekseli na valvu ya breki kwenye chasisi. Valvu hiyo inapima mzigo kwa jinsi gari ilivyoshuka: ikishuka, breki za nyuma zinapewa presha zaidi. Wewe umeongeza springi, kwa hiyo hata ukiwa na lumbesa mpaka juu ya kabini gari haishuki kama zamani, na valvu inaamini uko tupu. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu, padi za mbele zinabeba mlima wote. Kama padi zako za mbele zinaisha haraka huku breki shuu za nyuma hazina alama, sababu ni hiyo. Fimbo ile ina sehemu ya kurekebisha urefu. Ifanyiwe hivyo gari ikiwa na mzigo wako wa kawaida, kisha ijaribiwe mahali pa wazi, ikiwa na mzigo na ikiwa tupu, magurudumu ya nyuma yasije yakafunga kabla ya ya mbele kwenye mvua.

Mafuta ya breki pia yamwagwe yote na kuwekwa mapya, kama hayajabadilishwa kwa miaka miwili. Yananyonya maji kutoka hewani, na maji hayo yakichemka kwenye kaliper katikati ya mteremko, pedali inazama mpaka chini. Mpaka valvu ile irekebishwe, shuka Kitonga kwa gia ya pili tangu juu kabisa, siyo baada ya kona ya kwanza, na viazi upunguze gunia kadhaa.